Lenzi ya 18–55 na Sura ya Murongo

Mwaka 1860, akiwa Zanzibar, mpelelezi James Augustus Grant alipiga picha kadhaa za mji, ikiwemo ya soko la watumwa. Alikuwa akijiandaa kuingia bara pamoja na John Hanning Speke, na kamera ilikuwa miongoni mwa mizigo yao. Haikufika mbali. Speke anaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1863 kwamba aliirudisha pwani kwa sababu joto la kile kihema ambamo Grant alitayarisha na kusafisha picha zake lingemuua. Enzi hizo kioo cha picha kilipakwa dawa, kikapigwa na kusafishwa kikiwa bado kibichi. Kikikauka, kazi imeharibika. Kwa hiyo walipopokelewa na Mukama Rumanyika wa Karagwe, Novemba 1861, Grant alikuwa na penseli na rangi za maji tu. Karagwe iliingia katika vitabu vya Ulaya kwa njia ya mchoro, na mchoro wenyewe ukachongwa upya na mafundi wa huko ili uweze kupigwa chapa.

Leo kamera imefika na imekaa. Katika kata ya Murongo, wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, pale Mto Kagera unapoitenga Tanzania na Kikagati ya Uganda, mpiga picha ni mtu wa kawaida kama fundi cherehani. Anamiliki DSLR ya daraja la kuanzia, ile ambayo wateja huiita tu kamera kubwa: Canon 1300D au 4000D, Nikon D3200 au D3500, mara nyingi iliyokwisha kutumika, ikiwa na lenzi moja ya 18–55 iliyokuja nayo ndani ya boksi. Kwa kamera hiyo anapiga kipaimara, mahafali, sendofu, harusi na misiba. Wahakiki wetu wameandika mengi juu ya utenzi, riwaya, kanga na taarabu. Picha hizi, ambazo zimejaa sebuleni mwa watu kuliko kitabu chochote, zimeachwa kama vitu visivyo na fani. Zina fani, tena yenye kanuni kali. Nashikilia kwamba sehemu kubwa ya kanuni hizo imezaliwa na udhaifu wa kamera ya bei nafuu, na kwamba udhaifu huo umeipa Murongo picha zenye thamani kuliko zile tunazozitamani siku hizi.

Kwanza chombo chenyewe. Agosti 2003 Canon ilitoa EOS 300D kwa dola 899 bila lenzi, na kwa mara ya kwanza DSLR ikapatikana chini ya dola 1,000. Bei hiyo ilipatikana kwa kupunguza: chuma kikawa plastiki, kioo kizito cha ndani kikawa vioo vyepesi, na upunguzaji ukaendelea kwa miaka kumi na mitano. Katika 4000D ya mwaka 2018 hata pete inayoshika lenzi ni ya plastiki. Lakini moyo wake haukupunguzwa kiasi hicho. Sensa ya 4000D hutoa picha ya nukta 5184 kwa 3456, ambayo unaweza kuisafisha kwa upana wa inchi 18 bila aibu. Anayemcheka mwenye kamera hii kwa sababu ya megapikseli hajui anachokisema. Kikwazo halisi kiko kwenye lenzi. Hiyo 18–55 ina tundu dogo: ukiwa upande wa 18 hufunguka hadi f/3.5, na ukivuta hadi 55 haizidi f/5.6. Mwanga unaoingia ni haba, na kila uamuzi wa mpiga picha huanzia hapo.

Picha ninayotaka kuisoma ni ya kawaida kabisa. Ni ya inchi nne kwa sita, imepigwa mchana baada ya ibada ya kipaimara, mbele ya nyumba, jua likiwa limefunikwa na wingu. Watu ni tisa. Binti mwenye gauni jeupe amesimama katikati, nyuma ya bibi yake aliyeketi kwenye kiti cha plastiki. Baba na mama wako ubavuni mwake, kisha mjomba upande mmoja na shangazi upande mwingine, na pembeni kabisa, kando ya shangazi, kijana mwenye koti kubwa kuliko mabega yake. Watoto wawili wamechuchumaa mbele. Nyuma yao unaona ukuta wa matofali ya kuchoma uliopigwa lipu upande mmoja tu, dirisha lenye nondo, kahawa iliyoanikwa kwenye turubai, migomba, na juu ya migomba mstari wa vilima vya ng'ambo ya mto. Faili la asili limehifadhi namba zake: milimita 18, f/5.6, sehemu moja ya 250 ya sekunde, ISO 200, gurudumu likiwa kwenye ile alama ya kijani ambapo kamera hujiamulia kila kitu.

Tuanze na fremu. Upana wake ni mara moja na nusu ya kimo chake. Uwiano huo umetoka kwenye Leica ya mwaka 1925, ambayo Oskar Barnack aliiunda kwa kuunganisha vipande viwili vya filamu ya sinema kuwa kimoja cha milimita 24 kwa 36, na DSLR zimeurithi bila kuuliza. Studio nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilitumia kamera za filamu pana zilizotoa picha ya mraba. Mraba humfaa mtu mmoja au wawili: mume amekaa, mke amesimama, mkono begani. Fremu hii ndefu inataka mstari. Inaukaribisha ukoo usimame bega kwa bega, na ukoo umekubali. Katika picha yetu mstari ndio kauli kuu: hakuna aliyejificha nyuma ya mwenzake, kila mmoja ana nafasi yake mbele ya ukuta, na nafasi hizo zinasema nani ni nani. Aliyewahi kusimama kwenye sherehe za Kyerwa anajua kwamba kupanga mstari huo huchukua muda kuliko kupiga yenyewe. "Shangazi, karibu ndani kidogo. Mzee, shikamoo, naomba tusogee hapa kwa bibi." Hiyo ni kazi ya uandishi, inafanyika kabla kitufe hakijabonyezwa.

Inchi nne kwa sita hulingana na fremu hiyo kikamilifu, hakuna kinachokatwa. Balaa linaanza familia inapotaka picha kubwa ya kutundika na fundi wa studio akachagua nane kwa kumi. Ukiikuza hadi kimo cha inchi nane, upana wake unakuwa kumi na mbili, na lazima inchi mbili ziondoke. Katika mstari wa watu, inchi mbili ni mtu. Kwenye picha yetu angeondoka yule kijana mwenye koti, au kama fundi angegawa pande zote mbili, angekatwa bega la kijana na la mjomba. Mpiga picha wa kipaimara hiki alilijua hilo. Ameacha ukuta mtupu wa upana wa mtu mmoja kila upande, nafasi ambayo mtazamaji wa haraka angeiita uzembe. Kuna anayemjali kijana yule kiasi cha kumwekea akiba ya ukuta, na kwangu hicho ni kipimo cha ufundi.

Nafasi hiyo ina sababu ya pili. Uwanja wa nyumba ni mdogo, mpiga picha hawezi kurudi nyuma zaidi ya mita nne au tano, kwa hiyo anatumia 18, upande mpana wa lenzi yake. Kwa umbali wa mita nne, 18 hukamata upana wa karibu mita tano. Lakini lenzi pana huvuta vilivyo pembeni: mtu aliyesimama ukingoni kabisa hunenepa kwa karibu sehemu moja ya sita bila kurefuka. Tazama picha za vikundi zilizopigwa haraka, utawaona akina mama wa pembeni wakiwa na mashavu na mikono isiyo yao. Anayesimama katikati hutoka jinsi alivyo. Kwa hiyo kamera ya bei nafuu ina daraja lake la heshima, na daraja hilo limepatana na la ukoo: bibi na mwenye sherehe katikati, wageni wa heshima ubavuni, vijana pembeni. Ule ukuta mtupu ulioachwa kila upande umewasogeza watu wote kuelekea katikati ya lenzi, na shangazi ametoka na uso wake.

Sasa gauni. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui gauni wala ngozi. Huchukua yote yaliyo mbele yake na kujaribu kuyafanya kijivu cha kati. Nguo nyeupe ikitawala fremu, kamera hudhani kuna mwanga mwingi, hupunguza, na nyuso zinaingia gizani. Ugomvi huu una historia ndefu. Filamu za rangi za Kodak zilirekebishwa kwa miaka mingi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi nyeusi ikabaki nje ya hesabu. Sensa za leo zina uwezo mkubwa zaidi, ila hesabu ya kijivu bado iko pale pale. Katika picha yetu gauni ni sehemu ndogo ya fremu, ukuta wa matofali ni wa rangi ya kati, na wingu limelainisha mwanga. Ndiyo maana nyuso zote tisa zinasomeka: mkunjo wa kipaji cha bibi, jasho jembamba juu ya mdomo wa baba. Ukuta umeisaidia kamera kupima. Angemsimamisha binti peke yake mbele ya pazia jeupe la kanisani, angempata binti aliyefifia ndani ya gauni la kijivu, na kwenye alama ya kijani asingekuwa na pa kurekebisha. Alama hiyo haimruhusu mwenye kamera kuongeza wala kupunguza mwanga. Akigeuza gurudumu hatua chache hadi P, anaruhusiwa.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Lenzi ikiwa kwenye 18 na tundu f/5.6, ukilenga watu walio mita nne mbele, kila kitu kuanzia takriban mita mbili hadi upeo wa macho hutoka kikiwa wazi. Kamera haichagui, na kwa hiyo ukuta usiokwisha lipu upo. Kahawa ipo, unaweza hata kuona kwamba imekaribia kukauka, kwa jinsi rangi yake ilivyogeuka. Vilima vya Uganda vipo. Mtu anayeifahamu Murongo anaweza kuiangalia picha hii akasema ni upande gani wa kata, msimu gani wa mwaka, na nyumba ilikuwa imefika wapi katika kujengwa. Picha ya kipaimara imekuwa pia hati ya mji, kumbukumbu ya zao na ramani ya mpaka, ingawa hakuna aliyeagiza hayo.

Mteja wa leo hataki hivyo. Anataka nyuma kufifie. Ameona picha za harusi za Dar es Salaam na Kampala, bibi harusi akiwa wazi na dunia nzima nyuma yake ikiwa ukungu wa rangi, na ukungu huo umekuwa alama ya kwamba umelipia kamera kubwa. Wapiga picha wanaotaka kukua hukimbilia lenzi ya 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni ya bei ndogo kuliko lenzi nyingine nzuri, na siwalaumu: ndani ya ukumbi wenye taa mbili inaokoa kazi, kwa kuwa huingiza mwanga mara kumi hivi ya 18–55 iliyovutwa hadi mwisho. Simu nazo zimefuata mtindo, zinafifisha nyuma kwa hesabu za programu na mara nyingine zinakata nywele na ncha ya sikio pamoja na mandhari. Lakini tuihakiki fani hiyo kwa uzito ule ule. Kwa lenzi ya 50 kwenye f/1.8, ukilenga mtu aliye mita tatu, unene wa eneo lililo wazi ni kama sentimita 25 tu. Bibi aliyeketi nusu mita mbele ya mjukuu wake hawezi kuwa wazi pamoja naye. Mmoja wao lazima aingie ukunguni. Fani hiyo imeundwa kwa ajili ya mtu mmoja asiye na jamaa na asiye na mahali, na ukiileta kwenye sherehe ya ukoo inaanza kuwaondoa watu ambao sherehe imeandaliwa kwa ajili yao.

Zipo mila nyingine za kuondoa mahali, na baadhi ninazipenda. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walitundika mapazia yenye ndege, meli na majumba, na mteja akasafiri bila kupanda chochote. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930, iliwapa watu wa mjini ukimya wa chumba cha ndani na mwanga uliopangwa. Hizo zilikuwa ndoto zilizochaguliwa na aliyepigwa picha. Ukungu wa leo hauna ndoto ndani yake. Karibu zaidi na Murongo kuna mfano ambao naona ndio babu halali wa picha yetu: Musa Katuramu, seremala na mwalimu, aliyewapiga picha watu wa Ankole tangu miaka ya 1930. Hasi zake zilitunzwa na familia, na mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011, ukazitoa hadharani. Watu wake wengi wako nje, wamesimama ardhini, mwanga wa siku ukiwa usoni. Ukivuka daraja la Kikagati unaingia katika nchi hiyo hiyo ya Ankole, na mpiga picha wa Murongo, hata kama hajawahi kulisikia jina hilo, anafanya kazi ndani ya desturi iliyokwisha kuthibitishwa.

Siisifu 18–55 kwa kila jambo. Usiku inashindwa, na inaposhindwa flashi ndogo ya juu ya kamera huchukua usukani na kuharibu. Nguvu ya flashi hiyo katika Canon za daraja hili ni ya kipimo cha karibu 9, maana yake kwa ISO 100 na f/5.6 mwanga wake unaishia mita moja na nusu. Ukipandisha ISO hadi 400 unapata mita tatu na kidogo. Picha za sendofu ninazoziona zimejengwa juu ya mita hizo tatu: meza kuu inang'aa, vipaji vya nyuso vinameta, kivuli kigumu kimebandikwa ukutani nyuma ya kila kichwa, na safu ya tatu ya wageni imezama gizani kama vile haikualikwa. Mchana wa jua kali flashi hiyo haifai kabisa. Murongo iko kwenye nyuzi moja tu kusini mwa ikweta, jua la saa sita linasimama juu ya vichwa na kujaza vivuli machoni, na kuvifuta unahitaji flashi yenye nguvu mara nyingi ya hiyo. Hapo dawa ni kuhamia kivulini, ukijihadhari na kivuli cha migombani, maana majani yanapaka ngozi ukijani ambao studio haitauondoa vizuri.

Kuna mabadiliko mengine ya umbo ambayo hayajazungumzwa. Picha nyingi sasa hazisafishwi. Zinatumwa kwa WhatsApp na kutazamwa kwenye kioo cha simu kilichosimama wima. Mstari wa watu tisa ukiingia humo unakuwa utepe mwembamba, nyuso ndogo kuliko punje ya kahawa, na kwa sababu hiyo wapiga picha wengi wameanza kuigeuza kamera isimame wima. Fremu ya wima inawakata wa pembeni kabla hata ya kupigwa. Mstari unavunjika, wanabaki watatu, kisha mmoja, na mmoja huyo anadai ukungu nyuma yake. Naona mabadiliko haya mawili yanatembea pamoja, na yakikamilika, picha ya kipaimara ya Murongo haitatofautiana na ya mji mwingine wowote. Zaidi ya hapo, WhatsApp huibana picha, na faili la asili lenye nukta milioni 18 hubaki kwenye memori kadi inayofutwa ili kupisha sherehe ya Jumamosi inayofuata.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wenye kamera hizi Murongo, Kaisho, Mabira, Nkwenda na kwingineko. Hama kutoka alama ya kijani hadi P, na gauni jeupe likitawala fremu ongeza mwanga kidogo. Nunua ile 50 kwa ajili ya ukumbini, lakini kwenye uwanja wa nyumba rudisha 18–55 mahali pake. Mpe mteja picha moja ya ukungu kama ameilipia, kisha, kabla watu hawajatawanyika, wapange mstari mmoja, acha nafasi pembeni, uache nyumba, kahawa na vilima viingie wazi. Hamisha faili la asili kwenye diski kabla hujafuta kadi, na liandikie jina la familia, kijiji na tarehe.